Kanda za Ziwa: Shajara ya Mradi wa Kituo na Chuo, Mwanza

Wiki ya kwanza

Kituo cha televisheni cha hapa Mwanza na chuo kikuu chetu vimeshirikiana kwa miaka mingi kwa namna ambayo kila mtu mjini anaifahamu: wanafunzi wetu hufanya fildi katika chumba chao cha habari, wahariri wao huja kutufundishia vipindi vya jioni, na wengi wanaosoma taarifa ya habari walikaa kwanza kwenye madawati yetu. Kitu kimoja ushirikiano huo haukuwahi kukigusa, nacho ni chumba kilicho nyuma ya studio, ambamo kanda za zamani zimekaa tangu siku zilipotolewa kwenye kamera. Mradi huu umeanzishwa kwa ajili ya chumba hicho. Tumekubaliana kuzihamishia kanda kwenye kompyuta, kuandika maelezo ya kila moja, na kuweka nakala mbili, moja kituoni na nyingine katika maktaba ya chuo. Mimi ninaratibu upande wa chuo, na shajara hii ninaiandika ili pande zote mbili ziwe na kumbukumbu moja ya yaliyofanyika.

Siku za kwanza zimekwisha kwa kupangua na kupanga. Kanda ni za aina tano, yaani VHS, S-VHS, Betacam SP, DVCAM na MiniDV, na zilipangwa kwa kufuata ukubwa wa kasha, bila kujali mwaka wala mada. Maandishi ya migongoni ni ya mtu aliyekuwa na hakika kwamba kesho yake atakumbuka: "Ngoma 3", "Mwaloni", "Mheshimiwa", "Ziwani tena". Ziko pia zilizoandikwa "Usifute" kwa wino mwekundu, na mkuu wa ufundi ametutahadharisha kwamba hizo ndizo zilizofutwa mara nyingi kuliko zote, kwa sababu mpiga picha aliyekosa kanda asubuhi alijua kwamba yenye maandishi hayo haiwezi kuwa mbovu.

Wiki ya pili

Kuhamisha kanda ni kazi isiyo na njia ya mkato, kwa kuwa kanda ya dakika 40 huchukua dakika 40 za mtu aliyekaa mbele ya deki akiitazama. Za MiniDV na DVCAM zina nafuu, kwani picha yake ilikwisha kuwa ya kidijitali tangu kwenye kamera, na kebo huipeleka kwenye kompyuta kama ilivyo. Saa moja hujaza takriban GB 13 za diski. Betacam SP na VHS ni za analojia, hivyo lazima zipitie kwanza kwenye kifaa cha kutuliza mawimbi, kisha kwenye kigeuzi, na kila hatua ina nafasi yake ya kuharibu rangi au sauti.

Jumatano umeme ulikatika wakati kanda ya Betacam ikiwa imezungushwa kwenye kichwa cha deki. Kompyuta ilikuwa na betri ya akiba, deki haikuwa nayo, na fundi alitumia alasiri nzima kuifungua na kuitoa kanda kwa vidole. Kasoro hiyo ilikuwa yangu, kwa sababu ndimi niliyeandaa orodha ya vifaa. Kuanzia sasa hakuna kanda itakayoingizwa kwenye deki isiyo na betri ya akiba, hata kama foleni itasimama.

Tatizo la pili ni kuvu. Mji umekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, chumba hakina dirisha linalopitisha hewa ya kutosha, na baadhi ya kanda zimeota nyuzi nyeupe zinazoonekana kupitia kidirisha cha kasha. Kanda ya namna hiyo ikichezwa, huacha kuvu kwenye vichwa vya deki, na deki huigawia kila kanda inayofuata. Tumezitenga kwenye makasha yaliyofungwa, katika chumba kingine, zikisubiri deki moja itakayotumika kwa ajili yake tu na kusafishwa kwa spiriti baada ya kila moja.

Wiki ya tatu

Mwanafunzi mmoja alikuja kwangu na daftari, uso umemsawijika, akasema kwamba kuna mtu amekuwa akikata kanda. Makasha madogo yameandikwa dakika 60, lakini kila moja alilolicheza lilikwisha kwenye dakika 40, tena mwisho wake ukikatiza sentensi ya mtu. Maelezo ni mepesi kuliko tuhuma yake. Kamera za DVCAM huvuta kanda kwa kasi zaidi kuliko kamera za MiniDV za kawaida, na kwa sababu hiyo kanda ileile ya dakika 60 hubeba dakika 40 tu. Nimelieleza mbele ya kundi zima, na nimeliandika hapa ili atakayekuja baadaye asifungue kesi nyingine.

Tarehe nazo zimetushinda kwa njia ambayo hatukuitarajia. Kanda za kidijitali hubeba tarehe na saa ya kamera, lakini betri ndogo inayoendesha saa hiyo ikifa, kamera hurudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani. Tunazo kanda kadhaa zinazodai kupigwa tarehe 1 Januari, saa ya kamera ikionyesha usiku wa manane huku jua likiwa la utosini juu ya Capri Point.

Wiki ya tano

Leo amekuja mzee aliyekuwa mpiga picha wa kituo tangu siku za VHS, ambaye amestaafu na anaishi upande wa Ilemela. Wanafunzi walisimama kumwamkia, akaitikia marahaba za kila mmoja bila haraka, kisha akavuta kiti karibu na skrini na kuniambia, "Mwalimu, mimi sijui kompyuta. Nionyesheni picha."

Tulimwekea kanda iliyoandikwa "Ziwani tena", ambayo maelezo yetu yalikuwa yameishia kwenye "watu wakivua, mwaka haujulikani". Aliitazama kwa dakika moja, akasema, "Mjukuu, rudisha nyuma kidogo," akaweka kidole kwenye mawe yaliyo nyuma ya wavuvi. Kwenye mawe hayo kulikuwa na mkanda mpana mweupe, mahali ambapo maji yalizoea kufika na sasa yalikuwa chini. Akasema ni mwaka 2006, au mwishoni mwa 2005 kama tunataka kumbishia. Hakuwa anabahatisha. Katika miaka hiyo miwili ukame, pamoja na maji mengi yaliyoachiwa kwenye mabwawa ya Jinja nchini Uganda, ulishusha kina cha ziwa kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, na mialo mingi ilibaki mbali na maji. Mwaka 2020 hali ilikuwa kinyume chake, ziwa likapanda na kuingia kwenye nyumba za watu. Kwa hiyo mstari wa maji kwenye mawe ya Mwanza, hasa Jiwe la Bismarck ambalo kila mpiga picha amelipiga angalau mara moja, umekuwa kalenda yetu. Mwenzangu wa idara ya jiografia ameomba nakala ya kila kanda ambamo jiwe hilo linaonekana, na amekubali kutupa vipimo vya kina cha ziwa ili tulinganishe.

Kisha tukamwekea "Ngoma 3". Ilipigwa Bujora, Kisesa, katika sherehe za Bulabo za mwezi Juni. Mwanafunzi aliyeiandikia maelezo alikuwa amelalamika kwamba mpiga picha hakujua kazi, kwa kuwa kila ngoma inapokolea, kamera inawaacha wachezaji na kugeukia watazamaji. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Akaeleza kwamba Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma ambayo Wasukuma wameshindana kwayo tangu enzi za mababu, hucheza kwa wakati mmoja katika viwanja viwili, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Matokeo ya shindano yako kwa watazamaji, naye aligeuza kamera ili kuonyesha nani anashinda. Tumefuta maelezo yale na kuyaandika upya, safari hii mwanafunzi mwenyewe akiwa mwandishi na mzee akiwa mbele yake.

Tulikuwa tumepanga mzee aje siku mbili tu. Nimeomba aje kila wiki hadi mwisho wa mradi.

Wiki ya nane

Tumegombana, ingawa kwa adabu. Mhariri mkuu wa kituo anataka tuanze na kanda zilizokwisha kuhaririwa, yaani habari na vipindi kama vilivyorushwa, kwa sababu hizo zinaweza kurudi hewani kesho na kuleta tangazo. Sisi tunataka kanda ghafi, zile zenye kila kitu mpiga picha alichokipiga kabla ya mkasi wa mhariri. Kwa muda wa deki tulionao, moja kati ya hizo mbili lazima isubiri.

Nilimwomba mhariri aje tutazame pamoja kanda ya "Mwaloni". Ni soko la samaki la Kirumba, asubuhi, na mama mmoja muuza dagaa anaongea na mwandishi kwa dakika kumi na moja mfululizo. Anaongea Kisukuma. Anaeleza mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu kwamba wanavuliwa kwa sumu: jinsi sangara waliokuwa wakienda moja kwa moja viwandani walivyorudi sokoni, bei ilivyoporomoka, na jinsi wanawake waliozoea kununua mapanki, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kuondolewa, walivyopata kununua samaki mzima kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Halafu anaeleza marufuku ilipoondolewa, na samaki mzima alivyowakimbia tena. Kwa wachumi marufuku ile ilikuwa hasara tupu; kwa mama huyu ilikuwa hasara kwa mume wake mwenye nyavu na nafuu kwa sufuria yake, na anayasema yote mawili kwa pumzi moja.

Katika habari iliyorushwa anaonekana kwa sekunde chache, midomo ikicheza, huku sauti ya msomaji ikisema kwa Kiswahili kwamba wafanyabiashara wa samaki wameiomba serikali iangalie suala la bei. Mhariri alikaa kimya. Ndiye aliyekuwa ameikata habari hiyo alipokuwa kijana, na sikumlaumu, kwa sababu matangazo ni ya Kiswahili, habari ilikuwa ya dakika moja na nusu, na hakukuwa na mtu wa kutafsiri dakika kumi na moja kabla ya saa mbili usiku.

Tumefikia mapatano haya: deki ya asubuhi itahamisha kanda zilizohaririwa, ya mchana itahamisha ghafi, na wanafunzi wanaojua Kisukuma, Kikerewe na Kijita watalipwa kuandika mazungumzo neno kwa neno kabla ya kuyatafsiri. Mhariri ameongeza sharti lake mwenyewe, kwamba mazungumzo ya mama yule yaandikwe ya kwanza.

Wiki ya tisa

Hati ya makubaliano. Hati ya zamani kati ya kituo na chuo ina kurasa nne kuhusu mafunzo ya wanafunzi na mstari mmoja kuhusu "ubadilishanaji wa maudhui", ambao hakuna anayekumbuka uliwekwa kwa nini. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kituo kina haki juu ya matangazo yake, na hilo halina ubishi. Swali lililobaki ni maelezo: maandishi ya mwanafunzi, tarehe iliyotambuliwa na mzee, tafsiri ya maneno ya mama wa Mwaloni. Je, hayo ni mali ya nani?

Katika kikao nilisimulia habari ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kilichoko Nashville nchini Marekani, ambacho kilianza kurekodi taarifa za habari za jioni za televisheni za kitaifa tarehe 5 Agosti 1968, wakati televisheni zenyewe zilikuwa hazitunzi kwa utaratibu kile zilichorusha. Mwaka 1973 CBS, moja ya televisheni hizo, ilikishtaki chuo hicho. Kesi iliishia pembeni baada ya sheria mpya ya hakimiliki ya mwaka 1976 kuziruhusu maktaba kurekodi habari, na leo anayetaka kuona Wamarekani waliambiwa nini jioni fulani ya mwaka 1968 huenda kwenye chuo. Mwanasheria wa kituo aliuliza kama ninawatisha. Nilimjibu kwamba ninaonyesha tu vile mambo yanavyokwenda pale pande mbili zinapokutana mahakamani kabla ya kukutana mezani. Uingereza walianzia mezani: BBC na Open University, chuo kikuu kinachofundisha kwa masafa, walipatana kwanza, kisha vipindi vya masomo vikaanza kurushwa Januari 1971.

Tumekubaliana kwamba picha ni za kituo, maelezo ni ya pande zote mbili, na hakuna upande utakaouza maelezo bila ya mwenzake kujua. Mwanafunzi aliyeandika atatajwa. Mzee naye atatajwa.

Wiki ya kumi na moja

Kanda tatu za Igoma. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba, Mwanza ikiwa imekaribia, na watu zaidi ya 800 walikufa. Wengi wao wamezikwa Igoma, ambako ndugu hukusanyika kila mwaka. Kanda hizi ni za kumbukumbu za miaka ya baadaye. Kamera iko karibu mno. Kuna mwanamke aliyelala juu ya kaburi, na kamera inakaa usoni kwake kwa muda mrefu hata mwanafunzi aliyekuwa akihamisha akaomba ruhusa ya kutoka nje.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetupa sababu ya kujadili, lakini mjadala wenyewe ulikuwa wa ubinadamu zaidi kuliko sheria. Mhariri alisema jambo ambalo nimelinakili: yule mama alijua ataonekana jioni ile, mara moja, na watu waliokuwa wakiomboleza pamoja naye, hakukubali kuonekana miaka ishirini baadaye kwenye simu ya mtu asiyemjua. Mzee, ambaye ndiye aliyepiga, alisema tu kwamba siku ile alidhani anafanya vizuri.

Kanda zitahifadhiwa na kuelezwa kikamilifu. Zitatazamwa maktabani kwa maombi ya maandishi, na nyuso za waombolezaji hazitarushwa tena bila idhini ya familia.

Wiki ya kumi na nne

Nilidhani tutakapofika kwenye miaka ya karibuni kazi itakuwa rahisi. Mitambo ya analojia ilizimwa Mwanza mwishoni mwa Februari 2013, na katika miaka hiyohiyo kituo kiliacha kanda na kuanza kupiga kwa kadi za kumbukumbu za kamera. Tumegundua kwamba rafu zinaishia hapo. Kadi ilikuwa ghali, ikarudi kazini siku iliyofuata, na kilichobaki kwenye kompyuta za kituo ni habari zilizohaririwa peke yake. Tulitafuta picha ghafi za siku za ajali ya kivuko cha MV Nyerere huko Ukara, iliyopinduka tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228. Zipo ripoti, ghafi hakuna. Tunajua zaidi jinsi watu wa Mwaloni walivyoongea siku za kanda zenye kuvu kuliko walivyoongea siku za kamera safi.

Nimependekeza, na mkuu wa ufundi amekubali, kwamba kuanzia mwezi ujao kila kadi itoe nakala kwenye diski ya mradi kabla ya kufutwa, na wanafunzi wa fildi ndio wafanye kazi hiyo kila jioni. Diski zitatosha kwa muda gani ni hesabu tutakayoifanya mwishoni mwa muhula.

Wiki ya kumi na sita

Kituo kimetumia kanda za mradi hewani kwa mara ya kwanza. Tangu Daraja la J. P. Magufuli la kilometa 3 lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, vivuko vya Kigongo na Busisi vimekuwa habari ya zamani, na mhariri alitaka picha za foleni ya magari, wachuuzi wa mahindi ya kuchoma na akina mama wajawazito wakisubiri kivuko usiku. Zote zilikuwemo kwenye kanda ghafi za mchana. Alinipigia simu kunishukuru, nami sikumkumbusha nani alitaka kanda zipi zianze.

Jambo moja limenikera kwa wiki nne na lazima liingie humu. Uhasibu wa chuo ulikuwa umemwandikisha mzee kama mtu wa kujitolea, anayestahili nauli peke yake, kwa sababu malipo ya mtaalamu yanadai cheti na yeye alijifunzia kazi kazini. Nimeandika barua tatu. Mwishowe kituo ndicho kilichomaliza, kwa kuwa faili lake la ajira lilikuwepo na linaonyesha cheo chake. Chuo kitairejeshea kituo fedha hizo kupitia bajeti ya mradi. Malipo yake ya kwanza yametoka Ijumaa.

Amesema Jumatatu tuanze na rafu ya Ukerewe, kwani wenzake wawili aliosafiri nao huko bado wako hai na anataka kuwaleta wajukuu wawasikilize. Deki ya kanda zenye kuvu imefika pia, bado haijafunguliwa kasha.